Ziada na nakisi za bajeti ya jimbo zinamhusu nini mbeba boksi?

MbebaBoksi_Edmonton:
Wakuu naombeni mnieleweshe. Nipo huku Alberta, Kanada, kila Februari wakisoma bajeti ya jimbo nachanganyikiwa. 2020/21 nakisi (matumizi kuzidi mapato) karibu dola bilioni 17, 2022/23 ghafla ziada ya bilioni 11 na ushee, bajeti ya 2025 washarudi kwenye nakisi ya bilioni 5.2. Hawa wanatumiaje hela? Na mimi inanigusa wapi?

Mzee_Calgary:
Sio matumizi tu mdogo wangu, ni mafuta. Jimbo linakula mrabaha, yaani fungu lake, kwenye kila pipa, alafu Alberta haina kodi yake ya mauzo, dukani unakatwa ile 5% ya serikali kuu basi, wenzio Ontario 13%. Corona ikaja bei ikaanguka, vita ya Ukraine ikaipandisha, hapo hakuna waziri aliyefanya maajabu. Kwenye hiyo bajeti ya 2025 wamepiga hesabu wenyewe, pipa likishuka dola 1 kwa wastani wa mwaka, zinakatika kama milioni 750.
Kukugusa sasa, huku hospitali na shule ni mzigo wa jimbo sio Ottawa, yaani serikali kuu. Miaka ya 90 Ralph Klein, waziri mkuu wa jimbo enzi hizo, alikata matumizi kuziba nakisi, manesi wakapunguzwa, na hospitali kubwa ya hapa mjini ikafungwa, 1998 wakailipua kwa baruti tukiangalia kwenye tivii. 2004 akatangaza deni limeisha. Januari 2006 mafuta yamepanda wakagawa dola 400 kwa kila mkazi!! Hospitali ishakuwa vifusi zamani.

binti_wa_hesabu:
Naongezea, tusiiogope nakisi kama ugonjwa. Mwaka bei imeanguka ukikopa ili mwalimu asifukuzwe mi sioni kosa, kosa ni mwaka wa neema kula kila kitu. Mfuko wa akiba wa mafuta Alberta waliuanzisha 1976, Norwei wakaja na sheria ya wa kwao 1990, leo wa Norwei umepita trilioni 1 za Marekani, wa Alberta uko kwenye bilioni 30 hivi za Kanada. Waliotangulia ndo wako nyuma

MbebaBoksi_Edmonton:
Duh. Mzee na wewe hizo 400 ulichukua?

Mzee_Calgary:
Ningeziacha? Hadi watoto walipewa, tulikuwa sita nyumbani, tukanunua tairi za barafu na tiketi ya kumleta mama yangu.