Kiwanja chetu Jumamosi (kikundi cha majirani, Chikongola, Mtwara)

Mwenyekiti: Assalaam alaykum majirani. Kuna kijana anataka kukodi kiwanja Jumamosi usiku, singeli. Anatoa laki na nusu. Semeni.

Juma Boda: Chukua hela mwenyekiti 😂 tununue nyavu. Juzi mpira umepita nje ya nguzo kabisa, refa kaweka kati!

Kocha Hamisi: Jumapili saa kumi tuna robo fainali ya ndondo. Gari la jenereta likikanyaga eneo la penalti usiku kucha, asubuhi ni mitaro mitupu.

Bi Somoe: Na chupa. Watoto wanacheza pekupeku pale, na Idi tunasali hapo hapo. Safari iliyopita vigae niliokota mimi na wajukuu wangu, hao wa singeli walikuwa wamelala.

Mama Zuhura: Mimi mihogo yangu ikitoka naunga mkono 🙈

Kocha Hamisi: Nyavu sikatai, ila tuanze na magoli yenyewe. Sheria inataka mita 7.32 kwa 2.44. Goli la upande wa mikorosho, Dulla anashika mtambaa panya bila kuruka.

Juma Boda: Ndiyo maana hafungwi yule!

Mzee Nandonde: Urefu wa kiwanja je?

Kocha Hamisi: Wakubwa usipungue mita 90, upana 45. Sisi hatufiki tena, ule ukuta mpya umetumeza. Kwa watoto hakuna shida, sheria inaruhusu kupunguza.

Mzee Nandonde: Ukuta huo mliuangalia ukipanda tofali kwa tofali. Haya.

Kocha Hamisi: Jingine, aliyepiga mistari kwa chokaa mbichi ya tanuri asirudie. Mtu akianguka ikamwingia jichoni, inaunguza. Tununue rangi ya maji.

Mzee Nandonde: Ndanda walipopanda Ligi Kuu 2014 nani alikuwa na habari na kiwanja hiki? Wote uwanja wa Nangwanda Sijaona. Wakashuka 2020, na kufuata mechi za timu ya Namungo kule Ruangwa ni nauli. Sasa burudani yangu ya jioni ndiyo hiyo ndondo yenu, msiiharibu kwa laki na nusu.

Asha: Shikamooni wazee. Na sisi timu ya wasichana? Tangu ndondo ianze tunafanya mazoezi saa saba mchana. Jua hili la Mtwara mnalijua.

Kocha Hamisi: Ratiba imebana, mwanangu.

Asha: Imebana kwetu tu, kocha.

Bi Somoe: Kweli tupu 👏

Mwenyekiti: Nimewasikia. Jukwaa litakaa nje ya mstari, upande wa barabarani. Gari haliingii kiwanjani. Aweke na elfu hamsini, akifagia chupa zote anarudishiwa. Muziki mwisho saa sita.

Bi Somoe: Saa nne.

Mwenyekiti: Saa tano, Bi Somoe.

Bi Somoe: Wewe unakaa kule bondeni, spika zinaelekea dirishani kwangu. Saa nne.

Mwenyekiti: Haya, saa nne. Asipotaka, aende kwingine.

Juma Boda: Singeli ya saa nne 😭 hiyo si ni taarabu?

Asha: Mwenyekiti, na letu?

Mwenyekiti: Jumanne na Alhamisi saa kumi ni zenu. Kocha?

Kocha Hamisi: Ndondo ikiisha.

Mwenyekiti: Kuanzia kesho, Hamisi. Kesho si Jumanne?

Kocha Hamisi: Sawa. Mipira iko kwangu, waje wachukue.