Je, ni haki kumfuta rafiki wa mtandaoni kwa kosa la kunyamaza?

MLETA MADA (Morogoro)

Wakuu, salaam kwenu.

Mwisho wa mwaka ukikaribia, Facebook hujaa tangazo la aina moja: "Nafanya usafi. Kama hulaiki, hukomenti, hata heri ya siku ya kuzaliwa hunipi, hatuvuki wote. Ukisoma hapa weka nukta nijue upo." Na watu wazima na heshima zao wanapanga foleni kuweka nukta. Shangazi yangu, ambaye hushika simu jioni tu mjukuu wake akirudi nayo, alinipigia kuuliza nukta inawekwa wapi, maana mpwa wetu katangaza usafi na yeye hataki kutupwa. Niliumia. Mpwa huyo likizo zake zote za shule alikuwa akizimalizia kwa shangazi huyohuyo.

Naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Msimamo wangu ni huu: kupunguza orodha ni haki ya mwenye orodha, lakini ukimya peke yake si kosa la kumfutia mtu.

Kwenye idadi sina ubishi. Facebook yenyewe imeweka kikomo cha marafiki 5,000, na Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, tangu miaka ya 1990 anasema binadamu humudu kudumisha uhusiano na watu kama 150 hivi. Hata wanaoibishia hesabu yake hawasemi kwamba mtu anaweza kuwajua elfu tano. Punguza tu.

Sasa huo ukimya. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika karibu kila kitu. Kwa hiyo anayesoma na kupita anafanya wanachofanya wengi.

Tena Facebook haimwonyeshi kila rafiki kila unachoposti. Mfumo unachagua. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba posti zinazozua mazungumzo kati ya ndugu na marafiki ndizo zitakazopewa kipaumbele. Basi mtu akiwa kimya, habari zako huletewa kwa nadra. Asipoletewa hana cha kulaiki, na asipolaiki anapunguziwa tena. Halafu tunamhukumu kwa barua ambayo haikumfikia.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili: kwetu huku watu wengi hunyamaza kwa woga, na woga huo una sababu. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya wana yao ya 2018, na watu wamepelekwa mahakamani kwa maneno waliyoandika Facebook au kwenye grupu la WhatsApp. Mwalimu wa sekondari ya serikali, askari, karani wa halmashauri, wote wanajua kwamba alama ya kupenda chini ya posti inayosema vibaya mkubwa fulani inaweza kuoneshwa kwa bosi kesho asubuhi. Huyo mtu akiamua kutolaiki chochote cha yeyote, kumwita mnafiki ni kumwonea. Na wapo walionyamazishwa na bei. Uganda, Julai 2018, serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayeingia kwenye mitandao ya kijamii. Tozo hiyo iliondolewa 2021 na badala yake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Huku kwetu, ambaye kifurushi chake ni cha saa chache atasoma habari za msiba kwanza, picha za keki yako baadaye, kama zitafika.

Karibuni mchangie. Matusi hapana.

MCHANGIAJI WA KWANZA (Mombasa)

Ndugu yangu, umesema ya wanaume. Hebu nami niseme ya akina mama.

Nikiweka picha ya mwanangu kwenye stetasi, WhatsApp hunionyesha walioiona. Kuna mtu yuko pale juu kila siku, dakika ya kwanza. Hajaandika mashallah hata siku moja, hata ule moyo wa kubonyeza hana. Lakini tukikutana harusini ananiuliza friji mpya nimeinunua kiasi gani, mume wangu amerudi lini safari, na yule mtoto mdogo mbona amekonda. Kila kitu anacho! Huyo naye niseme ni mtu wa kifurushi kidogo?

Sisi watu wa Pwani kijicho tunakijua. Anayetazama kizuri cha mwenzake husema mashallah, ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Anayetazama kila siku akafunga mdomo, mimi moyo wangu hautulii, na sioni kwa nini niombe radhi kwa hilo.

Na si kijicho tu. Dada mmoja wa mtaani kwetu picha zake zilichukuliwa, ikafunguliwa akaunti yenye jina lake na sura yake, wakaanza kuwaandikia rafiki zake: "Niko hospitali, nitumie kwa namba hii." Wawili walituma. Aliyezichukua picha zile alikuwa ndani ya orodha, amekaa kimya wakati wote huo. Kwa hivyo mimi nafuta, na nitaendelea kufuta.

MCHANGIAJI WA PILI (Muscat)

Assalaam alaykum nyote. Dada wa Mombasa, nakuheshimu, lakini hao kimya unaowasema ni sisi.

Mimi Mzanzibari, niko huku kwa kazi. Kazini simu hatushiki. Narudi usiku, naoga, ndiyo naifungua. Facebook na WhatsApp ndiyo baraza yangu: huko najua nani kaoa, nani kafiliwa, mvua imeingiaje mtaani Ng'ambo, Unguja. Nasoma mpaka usingizi unanichukua. Kukomenti saa saba ya usiku chini ya picha ya mke wa mtu sikuona kuwa ni adabu, basi nikazoea kutosema.

Mtu akifiliwa, mie siandiki "pole" chini ya posti ambayo watu mia washaandika. Nampigia mwenyewe, na kama mkono unacho, natuma cha kusaidia shughuli ya khitma. Jamaa yangu mmoja alinifuta kwenye usafi wake. Alipofiliwa na mama yake, sikujua mpaka arubaini imepita. Yeye akaona nimemtupa, kumbe habari yenyewe haikunifika.

MCHANGIAJI WA TATU (Dar es Salaam)

Mimi nauza vitenge Instagram, kwa hiyo naongea kama mtu wa biashara.

Wanaokomenti "bei?" na "kizuri jamani" mara nyingi hawanunui. Anayenunua ni yule hujawahi kumsikia. Anaangalia miezi, siku moja anakuja inbox: "Kile cha bluu cha mwezi wa nne kipo bado?" Analipa siku hiyohiyo. Ningewafuta wasiosema, ningekuwa nimefunga duka.

Ninaowafuta ni wale wasio na picha, jina ni herufi na namba, wanafuata watu elfu kadhaa na hawana posti. Hao si wateja.

Ila kwenye grupu la ukoo au kamati ya harusi, hapo sina huruma: asiyekuwepo na lake halipo. Kama ahadi yako hujaitoa, vikao unasoma tu, halafu kadi unataka, toka.

MLETA MADA

Asanteni sana. Dada wa Mombasa, hoja yako ya picha kuibwa ni nzito na ninaipokea yote. Ila angalia ni nini hasa kilichokulinda au kukosa kukulinda. Mwizi wa picha anaweza kuwa yule anayekuandikia mashallah kila asubuhi ili umwone mtu wa karibu. Mnafiki anajua kulaiki kuliko ndugu. Ukimpima mtu kwa komenti, unampitisha yeye na kumtoa kaka wa Muscat.

Swali ninalojiuliza mimi mbele ya kila jina ni kama ninamjua: ni mtoto wa nani, tulikutana wapi, nikipata shida ningempigia? Nisipopata jibu, namtoa hata kama amelaiki picha zangu zote. Nikilipata, anabaki hata kama ni bubu. Na yule wa friji, ambaye unamjua lakini humwamini, hana haja ya kufutwa mkaja kutazamana vibaya harusini. Stetasi ya WhatsApp ina sehemu ya kuchagua nani asiione. Instagram tangu 2018 ina orodha ya marafiki wa karibu. Facebook unaweza kumwekea mipaka asione ila ulichokifungua kwa wote. Picha za watoto ziende kwa wachache, habari za msiba ziende kwa wote.

Jambo la mwisho kwangu ni lile tangazo. Facebook kwa kawaida haimjulishi mtu kwamba umemtoa. Januari 2009 kampuni ya Burger King kule Marekani ilikuja na programu: futa marafiki kumi, upate baga bure. Zaidi ya marafiki 230,000 walifutwa kwa siku chache. Lakini programu hiyo ilikuwa inamwandikia kila aliyefutwa kwamba ametolewa kwa ajili ya baga, na Facebook ikaizuia isiendelee kuwajulisha, kampuni ikaifunga. Ukitaka kupunguza, punguza kimyakimya. Usimfanye mzee wa watu atafute nukta usiku kuthibitisha kwamba bado ni ndugu yako.

Mdogo wangu wa vitenge, kwenye kamati ya harusi nakubaliana nawe, ile ina ahadi na tarehe. Grupu la ukoo silikubali. Halina kiingilio, na bibi anayesoma tu ana haki sawa na mjomba anayetuma video kumi kwa siku. Wapo humu waliowahi kuwa maadmini wa magrupu ya ukoo wakatoa watu kwa kunyamaza. Naomba watuambie: mliwapa taarifa kwanza, na kuna aliyerudi?