Nyumba inavuja, kodi nilipe yote?

Mleta mada:

Wakuu, hii mada najua itatugawa. Mpangaji ametoa taarifa: bafu la juu linavujia kwake, ukuta wa chumba cha kulala umelowa, na swichi iliyo kwenye ukuta huo inatoa cheche. Jibu alilopewa ni "nimekusikia, fundi anakuja". Leo ni wiki ya sita na fundi hajaonekana. Mwisho wa mwezi kodi inadaiwa kamili, haipungui hata senti.

Msimamo wangu nautanguliza, mtu asije kusema namumunya maneno. Kodi ipungue kwa kadiri ya sehemu ya nyumba isiyotumika, na hesabu ianze siku mwenye nyumba alipopewa taarifa kwa maandishi. Isianze siku bomba lilipopasuka, maana hapo alikuwa hajui.

Hili nimeliishi. Tulihamishia kitanda sebuleni, tukaweka beseni chini ya tone. Usiku wa kwanza hatukulala kwa ule mlio wa to, to, to. Usiku wa pili mke wangu akatumbukiza kitambaa ndani ya beseni, kelele ikakatika. Tulikaa hivyo miezi miwili na nusu, na kodi nililipa yote kwa tarehe yake kwa sababu niliogopa kutolewa. Nilichorudishiwa ni neno "pole".

Mwenye nyumba mmoja:

Sasa sikiliza upande wa pili, mkuu. Kuchelewa si lazima kuwe dharau. Mimi nilishawahi kuwa na bomba lililopasuka ndani ya sakafu ya jirani wa juu, na jirani yule alisafiri na funguo zake. Ningevunja mlango? Siku tisa nilikuwa napiga simu tu. Halafu kodi hiyo mnayotaka kuikata ndiyo inayomlipa fundi, na ndiyo inayolipa mkopo wa nyumba. Ukinipunguzia leo, tengenezo linachelewa zaidi.

Na tuseme ukweli, wapo wanaotupa nepi chooni, mtaro ukiziba wanaandika barua ya kudai punguzo. Wapo wanaoanika nguo mbichi chumbani, madirisha yamefungwa mwezi mzima, kisha wananitumia picha ya ukungu.

Fundi:

Hilo la ukungu halina haja ya ubishi. Kausha sehemu ndogo ya ukuta, bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote nne kwa gundi ya karatasi, acha siku moja au mbili. Maji yakionekana upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa ya ndani: nguo, mvuke, madirisha kufungwa. Yakionekana nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe umelowa, na hapo mwenye nyumba asimsingizie mtu. Kuvuja nako, funga koki zote usiku, soma mita, soma tena alfajiri. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja.

Ila niongeze moja litakalonikosesha kazi. Mara nyingi kazi yenyewe haichukui siku. Kubadilisha koki ni saa moja. Kinachochukua wiki tatu ni kusubiri mtu akubali bei, kisha atafute fundi wa bei nafuu, kisha anirudie mimi.

Mchangiaji:

Lipa, nyamaza, hama. Nyumba zipo nyingi.

Mleta mada:

Kuhama kuna dipoziti mpya, kuna dalali, kuna gari la kubeba vyombo, na watoto wanabadilishwa shule. Mwenye nyumba anayajua hayo vizuri, ndiyo maana hana haraka.

Kuhusu hoja ya mkopo: mkopo ni wako, mkuu, mimi sikusaini. Mimi nilisaini kukaa kwenye nyumba ya vyumba vinne. Zamani mahakama za Kiingereza zilikuona kukodi kama kuchukua ardhi: ukishakabidhiwa, unalipa hata paa likianguka. Kwa mkulima ilieleweka, shamba ndilo alilolitaka na kibanda angekiezeka mwenyewe. Mtu wa ghorofa ya tatu hana ardhi yoyote anayoipata. Anachonunua ni maji, taa, kuta kavu na mlango unaofunga. Hivyo ndivyo mahakama ya rufani ya Washington ilivyoona mwaka 1970 katika kesi ya Javins, ambako wapangaji walioacha kulipa walidai jengo lao lina kasoro kama 1,500 zinazovunja kanuni za makazi. Iliamua kwamba wajibu wa kulipa na wajibu wa kuifanya nyumba ikalike vinakwenda pamoja.

Mpangaji wa zamani:

Naunga mkono hoja, ila nawaonya. Mimi nilikata kodi yote miezi mitatu, kimyakimya, nikijua haki iko kwangu. Mbele ya hakimu niliulizwa swali moja tu: "Ulimwandikia lini?" Nilikuwa nimempigia simu, nikakutana naye ngazini, nikamwambia mlinzi. Barua sina. Nikaonekana mdaiwa sugu, nikatoka na deni mkononi.

Mleta mada:

Hapo ndipo wengi tunapojichimbia kaburi. Hata Ujerumani, ambako kifungu cha 536 cha sheria ya madai kinasema kodi inapungua yenyewe nyumba ikiwa na kasoro isiyo ndogo, mpangaji analazimika kutoa taarifa. Na akikata kupita kiasi mpaka deni likafika kodi ya miezi miwili, mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba. Yaani haki unayo, lakini ukikosea hesabu umeondoka.

Kwa hiyo hesabu. Nyumba ya vyumba vinne vinavyolingana, kimoja hakikaliki siku 20 kati ya 30. Robo mara theluthi mbili, unapata moja ya sita ya kodi ya mwezi huo. Hakuna cha kugombania. Ugumu unakuja kwenye choo. Choo ni kidogo kuliko chumba chochote, lakini kikiwa kimoja na kimeziba, nyumba nzima imekufa. Hapo kupima kwa mita za mraba ni kichekesho.

Uholanzi kuna kamati ya kodi, Huurcommissie, inayopanga kasoro kwa madaraja matatu: kodi inashushwa kwa muda hadi asilimia 40, 30 au 20 ya ile ya kawaida, kulingana na uzito, mpaka tengenezo likamilike. Na kabla ya kwenda huko mpangaji anampa mwenye nyumba wiki sita tangu ampe taarifa. Mimi ningesaini mkataba wa namna hiyo leo.

Mwenye nyumba mmoja:

Wiki sita hata mimi nakubali. Ninachokataa ni mtu kuanza kukata siku ya pili.

Mchangiaji mwingine:

Wiki sita kwa mlango wa kabati, sawa. Kwa swichi inayotoa cheche kwenye ukuta uliolowa? Mtasubiri mtu afe? Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 kwa maradhi ya kupumua yaliyotokana na ukungu ndani ya nyumba yao huko Rochdale. Baba yake alianza kulalamika 2017. Tangu 27 Oktoba 2025 sheria yenye jina lake inawabana wenye nyumba za jamii, yaani zile za kupangisha za halmashauri na mashirika ya makazi: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, unyevu na ukungu wa hatari uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Kupunguza kodi kwenye jambo kama hilo naona ni kama kuuziana hatari kwa bei nafuu.

Mleta mada:

Umenipiga pazuri. Nikubali: kwa umeme, gesi na ukungu wa namna hiyo, punguzo si jibu. Jibu ni fundi leo, au wahamishwe kwa gharama ya mwenye nyumba. Punguzo libaki kwa kero zisizoua: bafu moja kati ya mawili, chumba kinachovuja, lifti iliyokufa.

Mwenye nyumba mmoja:

Na zile siku fundi amefika mlangoni, mpangaji yuko kazini, hataki mtu aingie bila yeye kuwepo, nazo nikatwe?

Mleta mada:

Hizo zitoke kwenye hesabu, ni haki yako. Ila fundi aseme saa. "Nakuja asubuhi" nimeisubiri mpaka magharibi mara nne.

Fundi:

Mkuu, hiyo ya asubuhi mpaka magharibi sina utetezi.