Baiolojia pamoja na saikolojia chuoni: nitaweza, au najitafutia sapu (mtihani wa marudio)?

Mgeni_Jikoni: Wakuu, habari zenu. Nimepata nafasi chuoni kusoma baiolojia, na utaratibu wao unaruhusu kuongeza saikolojia kama somo kuu la pili. Nazipenda zote. Shida ni mjomba wangu, anasema baiolojia ni sayansi, saikolojia ni stori tu. Muda wa kuthibitisha masomo unayoyoma. Mliopita njia hii, naombeni ushauri.

Darubini: Mwambie mjomba kwamba Pavlov, yule wa mbwa na mate anayefundishwa kwenye saikolojia, alikuwa mwanafiziolojia, yaani mtaalamu wa jinsi mwili unavyofanya kazi. Nobeli yake ya 1904 aliipata kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula.

Mimi nilisoma zote mbili. Mwaka wa kwanza yalikuwa kama majirani wasiosalimiana: asubuhi utando wa seli, mchana nadharia za kujifunza. Yalikuja kukutana kwenye mada ya kumbukumbu. Tulipewa kazi ya kuchora nyota huku mkono wako unauona kwenye kioo tu. Unataka kwenda juu, penseli inashuka. Ukifika kwenye pembe unabaki unatetemesha mstari palepale kama mtoto wa chekechea. Ukirudia mara kadhaa, mkono unaelewa wenyewe.

Ndipo mwalimu akatusimulia habari za H.M., mgonjwa wa kifafa aliyeondolewa sehemu ya ubongo mwaka 1953, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, pande zote mbili. Alipewa kazi hiyohiyo ya nyota. Siku hadi siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, ila kwake kila siku ilikuwa mara ya kwanza kuiona. Kwa hiyo kumbukumbu si kitu kimoja, na iko ya aina ambayo haihitaji sehemu ile. Hapo saikolojia inaishia wapi na baiolojia inaanzia wapi? Mimi sikuuona mpaka.

KalamuNyekundu: Darubini kasema kweli, ila kakupa asali bila nyuki. Maabara za baiolojia zinakula alasiri nzima, halafu kuna ripoti. Saikolojia nayo inataka insha na kusoma makala hadi macho yaume. Na usidhani ndiyo utakayopumzikia! Sapu yangu ya pekee ilikuwa ya takwimu, tena upande wa saikolojia. Nilijua jenetiki ndiyo itaniua, kumbe nilikuwa nalinda mlango wakati mwizi kapita dirishani. Anza takwimu mapema.

Mgeni_Jikoni: Asanteni sana. Na kazi je? Natamani kuhudumia wagonjwa wa akili.

Darubini: Inategemea unataka kuwahudumia vipi. Daktari wa magonjwa ya akili anasomea udaktari kwanza, kisha anabobea. Mwanasaikolojia tiba, kwa nchi nyingi, anahitaji shahada ya juu na mafunzo chini ya usimamizi. Shahada ya kwanza peke yake haitakufikisha kwa mgonjwa. Angalia sasa hivi wanakotaka kukupokea baadaye wanadai masomo gani. Kuna wanaodai kemia, na ukiiacha mwaka wa kwanza utaikimbilia mwaka wa tatu.

Kiti_cha_Nyuma: Mimi nimekaa hapa namsubiri mjomba ajibu hoja ya Pavlov.

Mgeni_Jikoni: Mjomba kaambiwa, kasema mbwa si watu 😂. Nimeomba ratiba ya muhula: maabara ya Alhamisi inagongana na semina ya saikolojia. Kesho asubuhi namwona mshauri wa masomo, nikamuulize kama kuna kundi lingine la maabara.