Nyie mnaosema A mbili hazikunjwi, yaani hazitupwi kamwe, njooni mnirudishie 320,000 yangu

Wakuu, hasira hizi nimekaa nazo wiki tatu, leo nazitapika. Msiocheza poka piteni kimyakimya. Na wale wa "kamari ni haramu" nawaheshimu, mama yangu mwenyewe ni mwenzenu, ila uzi huu si wenu.

Nacheza Texas Hold'em, poka ya karata mbili za siri mkononi na tano za wote mezani, kwenye kasino moja hapa Dar, jina silitaji kwa sababu jengo halina kosa. Meza ya wanyonge: blaindi, yaani madau ya lazima, 1,000 na 2,000, unakaa na laki mbili. Pembeni yako fundi simu, mbele yako mwenye duka la spea, mwisho wa meza mwalimu anayeomba mkewe asipige simu. Hakuna bingwa pale. Kumbukeni hilo.

Ijumaa ile nilikaa saa mbili usiku. Hadi saa saba na ushee nilikuwa nimejikongoja mpaka 320,000 bila kuona karata ya maana. Halafu nikafunua kona: A ya shupaza, A ya kopa, jozi kubwa kuliko zote. Wazee wa arubastini wataziita ree, mimi siku ile niliziita haki yangu. Kwa wastani zinakuja mara moja katika mikono 221. Na meza ya watu si simu: dila, mgawa karata, achanganye, huyu apokee simu, yule aulize "zamu ya nani?", mkijitahidi sana mnacheza mikono 30 kwa saa. Ni zaidi ya saa saba kusubiri kitu kimoja. Ukikipata unakipenda kama mtoto wa kwanza, na ugonjwa wote unaanzia hapo.

Wawili walikuwa wameshaingia kwa buku mbili. Nikapandisha hadi 12,000 ili nibaki na mtu mmoja. Wakalipia wanne, yaani wakaweka 12,000 hiyo hiyo! Wanne, wakuu. Ndiyo meza zetu, mtu akishaweka buku mbili anaona kukunja ni kudhulumiwa. A mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne zinashuka hadi kama 56. Mimi bado nilikuwa naona 85.

Poti, hela ya katikati, 61,000. Flopu, karata tatu za kwanza mezani: 9 ya pau, 8 ya pau, 4 ya uru. Nikaweka 40,000, watatu wakakimbia, akabaki Mzee wa Chai. Jina nimempa mimi. Anakunywa chai ya tangawizi usiku kucha, sukari vijiko vinne, na kwa saa tano zile hakuwa amepandisha hata mara moja. Analipia, anatazama, anakunja, anapuliza kikombe.

Karata ya nne, 2 ya uru. Karata mfu, haimsaidii mtu. Nikaweka 70,000. Mzee akalaza kijiko kwenye kisosi. Akaanza kuhesabu chipsi mbilimbili, kama anayelipa ada ya mtoto shuleni na hataki karani amkosee. Akazisogeza mbele. "Laki mbili," akasema, bila kunitazama.

Nilijua. Hicho ndicho kinachoniuma hadi leo. Tena nilisema kwa sauti: "Mzee, una seti wewe," yaani karata tatu za namba moja. Akatabasamu, akapuliza chai.

Nilikuwa nimebakiwa na 198,000. Kwa poti ilivyokuwa, kusukuma zote kulinitaka niwe mbele karibu mara tatu katika kila kumi, vinginevyo natupa hela. Swali lilikuwa jepesi kabisa: mzee huyu, ambaye hajapandisha kitu tangu saa mbili, katika mara kumi anazopandisha hivi, mara tatu ana kitu kinachopigwa na jozi moja? Hata mara moja hana. Mkono ulikuwa unaelekea kwenye karata nizitupe.

Hapo ndipo kijana wa kofia, ambaye alishakunja, akafungua domo: "Una jozi kubwa wewe, kaza! Jozi kubwa haikunjwi, huyo mzee ana mchoro wa pau tu, anasubiri pau ya tano!" Dila akasikia. Dila akanyamaza. Sheria ya poka dunia nzima ni kwamba mwenye karata anaamua peke yake, aliyekunja anafunga mdomo. Dila anayefukuzia bakshishi ya meza nzima hamkemei mtu.

Nikasukuma zote. Mzee akalipia kabla sijatoa mkono mezani, akafunua 4 mbili. Seti. Nilibakiwa na A mbili za kuniokoa katika karata 44. Riva, karata ya tano na ya mwisho, ikaja K ya maua, yaani pau, sijui hata kwa nini naikumbuka.

Sasa nije kwenu, wataalamu. Mzee alitoa 12,000 kwenda kuitafuta 4 ya tatu, ambayo kwenye flopu humjia karibu mara moja katika nane na nusu. Akiikosa anakunja bila kinyongo. Akiipata, analipwa na nani? Na mimi niliyefundishwa kuwa A hazikunjwi. Biashara yake nzima inasimama juu ya ushauri wenu. Mimi ndiye mshahara wa yule mzee!

Msiniletee tena video za mabingwa na programu za kompyuta zinazosema lazima ulipie kiasi fulani ili usionewe. Programu inacheza na programu mwenzake inayopiga changa la macho kwa hesabu. Mzee wa Chai ana simu ya tochi. Akipandisha kwenye karata ya nne au riva, anayo. Wala huyo mzee hayuko kwetu tu, ulizeni ndugu zenu wanaocheza meza za dola 1 na 3 kule Marekani, wamejaa.

Na sisemi mkunje kila kitu kama kuku waliomwona mwewe. Yule yule wa kofia akinipandishia riva namlipia hata na jozi ya 9, maana nimemwona mara mbili akitisha watu na takataka kisha akaionesha meza nzima kwa kujisifu. Karata zangu zile zile, mtu mwingine, jibu jingine. Mbona hili hamlisemi? Mnasema "mkono mzuri, mkono mbaya", kama vile mzuri unajulikana kabla hujamtazama aliyekaa mbele yako.

Juzi nimerudi. Nina Q na 10 za shupaza, mezani K, 7 na 2 za shupaza, na 3 ya kopa. Flashi, karata tano za shupaza tupu, imetimia karata ya nne. Mbele yangu dada mmoja mpole, mtandio wa kijani, amelipia tu muda wote. Riva 7 ya kopa, 7 zikawa mbili mezani, na jozi ikishalala mezani mtu anaweza kuwa na mkono unaoipiga flashi. Nikaweka 50,000. Dada akasukuma zote, 210,000, akakunja mikono kifuani.

Dakika nzima nilikaa. Na nani akaongea? Wa kofia! "Aisee lipia, utakuwa mwanaume lini?" Safari hii nilimwambia dila amnyamazishe au niite msimamizi. Akamnyamazisha, kwa uso wa mtu aliyekopwa.

Nikakunja. Halafu nikafanya ujinga wa mwaka, nikazifunua ili meza ione nilichokunja. Wakuu, kicheko! Mwenye duka la spea alishika tumbo. "Amekunja flashi! Huyu tumwekee blaindi za buku buku za shule ya msingi!" Dada hakucheka. Alimsogezea dila karata zake zimelala kifudifudi, akavuta poti.

Saa tisa nikakutana naye tunasubiri lifti. Nikashindwa kujizuia.

"Samahani dada, ule mkono wa 7 mbili, ulikuwa na nini?"

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Kaka, si ungelipia uone?"

Lifti ikafunguka, akaingia. Mimi nikashuka kwa ngazi.