Toleo jipya la Linux: Ubuntu kila miezi 6, Debian miaka 2 hivi, kwani nani yuko sahihi?

igoma_steshenari: Mwangaluka wakuu. Nina steshenari hapa Igoma, mashine zote nimeweka Linux (mfumo endeshi badala ya Windows), aina ya Ubuntu, maana virusi vya fleshi za wateja vilinichosha. Sasa Ubuntu wanatoa toleo jipya kila Aprili na Oktoba, sijakaa sawa naambiwa langu limeisha muda, napakua tena, bando linateketea na wateja wamepanga foleni ya kuprinti. Hivi hawa jamaa wakitoa mara moja kwa miaka mitatu watapungukiwa nini?

sato_mkavu: Mkuu umeweka yale ya katikati, hayo yanahudumiwa miezi 9 tu basi. Kwa biashara weka LTS, yaani toleo la kuhudumiwa muda mrefu, inatoka kila miaka 2 na unapata marekebisho ya usalama miaka 5. Namba zenyewe zinajieleza, 24.04 ni mwaka 2024 mwezi wa 4.

kirumba_root: Swali lake hujamjibu lakini. Miaka mitatu ilishajaribiwa! Debian 3.0 ilitoka Julai 2002, 3.1 ikaja Juni 2005, katikati hapo watu wananunua kompyuta mpya halafu toleo rasmi bado linakuja na keneli (kiini cha mfumo kinachotambua vifaa) ya 2.2 au ukitaka 2.4, sasa hiyo itatambua vifaa gani? Ubuntu imezaliwa humo humo, Oktoba 2004, na ikaja na ratiba mkononi. Ukirefusha muda kila programa anataka chake kiingie maana akikosa hapa ndo basi tena, wanasubiriana, tarehe inasogea, tena inasogea. Ila ratiba ya karibu karibu ni kama kivuko cha Kamanga, ukijua kingine kinakuja hurukii kikishaanza kuondoka. Kitu hakijaiva kinasubiri miezi 6, hakuna anayelia.

dada_nansio: Kaka hayo ni ya anayetengeneza, mtumiaji je? Huku Ukerewe maabara ya shule mtandao ni wa kubahatisha, mimi nimeweka Debian 12 ya Juni 2023 na iliyofuata imekuja Agosti 2025, sijahangaishwa na mtu. Kwangu watoe hata kila wiki poa tu, ninachouliza la zamani watalihudumia mpaka lini. Fedora mfano, Linux nyingine hiyo, nusu mwaka nusu mwaka na ukilala miezi 13 hivi umeachwa, hiyo mwalimu gani ataiweza

kirumba_root: Hapo sikupingi dada. Ila laptop ya mwaka huu ukiiwekea Debian ya zamani waifai ikigoma usinipigie 😂

igoma_steshenari: Mashine zangu zenyewe za mtumba, waifai hata sina. Basi LTS. Nani yuko mjini anayo 24.04 nije nikopi?

sato_mkavu: Ninayo, nipo Makoroboi mpaka jioni. Faili linakaribia GB 6 hivyo usije na fleshi ya 4.