Mrejesho: kuku wangu na joto la Dar

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu chotara wangu 14 waliokuwa wakihema midomo wazi, mabawa wameyaachia, ndani ya banda la bati hapa Mbagala. Wawili walishakufa mchana mmoja. Asanteni kwa majibu.

Kilichosaidia zaidi ni makuti. Niliyapanga juu ya bati, kisha nikatoa mbao upande unakotokea upepo wa kaskazi, nikaweka wavu. Sasa saa nane mchana naingia bandani na sitoki mbio. Maji nimehamishia chini ya mwembe na natumbukizamo chupa ya barafu; ile ndoo nyeusi ilikuwa inachemsha maji kama ya chai! Chakula nawapa alfajiri na jioni tu, maana kusaga chakula nako huongeza joto mwilini, na kuku hatoi jasho.

Aliyesema nimwage maji bandani, hapana mkuu. Maranda yalilowa, unyevu ukapanda, wakahema zaidi. Nalowesha mchanga wa nje, wanajichimbia humo.

Mayai yalikuwa yameshuka hadi matatu kwa siku. Jana nimeokota saba. Maganda bado membamba, nimeongeza chokaa ya mifugo.